Vyumba vya Kiroba

Alikuja Jumanne, ndani ya kiroba cha unga,
kutoka Mwakaleli, juu ya magunia ya viazi,
masikio meupe kama ya mtu aliyeshinda mashineni.
Tukamwita Kiroba. Hapakuwa na mjadala.

Kazi yake ilikuwa stoo.
Panya wa msimu huu hawana soni:
wamekula mahindi ya mbegu, wamekula sabuni,
wametafuna risiti za majani ya chai
pale pale penye jumla.

Lakini stoo ina dawa, na niliiweka mimi,
vidonge vya pinki kwenye vifuniko vya soda,
kabla sijajua kwamba tutapata mfanyakazi.
Niliweka vifuniko kumi.
Nimeokota tisa.
Kwa hiyo mfanyakazi haruhusiwi kuingia kazini,
anakaa barazani analamba tumbo,
na juu ya dari nawasikia wenyewe wakikimbizana,
harusi tupu.

Chumba cha pili ni cha vifaranga,
arobaini na mmoja, na chungu cha mkaa katikati,
maana Juni ya Tukuyu haina huruma na kitu kidogo.
"Paka ni paka," anasema mama mkwe, Tupokigwe,
akipuliza moto kwa mdomo, macho yanamtoka machozi.
"Leo anawanusa. Kesho anawahesabu."

Jumamosi mvua ilinishika shambani.
Nikakuta mlango umeachia,
mbao zimevimba, kitasa hakishiki.
Moyo ukashuka hadi kwenye buti.
Nikahesabu vichwa vya njano, mikono inatetemeka,
nikakosea, nikaanza upya:
arobaini na mmoja.
Kisha kikainuka kichwa kimoja zaidi, cha kijivu,
kikapiga mwayo.

Alikuwa amelala katikati yao,
kifaranga juu ya mgongo wake kama abiria aliyelipa nauli.
Hajui bado. Hakuna aliyemwambia yeye ni nani.
Mimi ndiye nilijua kwa niaba yake,
nikamtoa kwa ngozi ya shingo
akiwa bado na joto lao.

Chumba cha tatu ni cha Lusajo, mwenye pumu.
Daktari alisema neno moja: manyoya.
Na Lusajo ndiye anayempenda kuliko sisi sote,
ndiyo maana mlango wake una kamba mbili,
moja ya nje, kwa ajili ya paka,
moja ya ndani, kwa ajili ya Lusajo.
Wanaongea kupitia tundu la ufunguo.
Sijui wanaongea nini. Wananyamaza nikipita.

Nyumba hii ilikuwa ya mapazia.
Sasa imejifunza kufungwa:
jiwe la Mto Kiwira huku, gogo la mparachichi kule,
gunia limekunjwa chini ya mlango.
Tunapigiana hodi, sisi kwa sisi.
Hodi.
Nani?
Mimi, mumeo.
Paka yuko wapi?
Sijui.
Basi subiri hapo hapo.
Na Gwakisa anasubiri, na sahani ya ndizi mkononi, inapoa.

Ukungu peke yake ndio unaoingia kote,
stoo, kwa vifaranga, kwa Lusajo,
na hakuna anayeuuliza umefuatana na nani.

Leo alfajiri nilitoka na kurunzi.
Kiroba amelala ubavu mlangoni pa vifaranga,
gunia amelisogeza,
mkono mmoja ameupitisha chini ya mbao
hadi kwenye kiwiko.
Nikasema, haya, ameanza. Bibi alinena.
Nikapiga magoti, nikaweka shavu sakafuni, sakafu ni barafu,
nikachungulia.

Upande wa pili walikuwa wanamdonoa,
taratibu, kidole baada ya kidole,
kama watu wanaochambua mchele.
Makucha ameyaficha.
Hakuuvuta mkono.

Nilizima kurunzi.
Jiwe nililiacha palepale.